Pesa za ukame hutafutwa mvua ikinyesha: mwongozo kwa familia za Marsabit

Ukame ukianza kubana, simu yangu haitulii. Binamu yuko Korr, shangazi yuko Logologo, jirani wa zamani alihamia Kalacha, na wote wana swali moja: "Tumesikia serikali inatoa pesa za dharura, tujiandikishe wapi?" Jibu langu huwaudhi, basi nalitanguliza hapa: ukisikia pesa zimetoka, wakati wa kujiandikisha umeshapita. Watakaolipwa ni wale ambao majina yao yalikuwa kwenye rejista na akaunti zao zilikuwa hai kabla malisho hayajakauka. Usizunguke ukitafuta dirisha la kupeleka habari za ng'ombe aliyekufa ili ulipwe kwa ajili yake. Mpango wa pesa hizi, HSNP, haufanyi kazi hivyo.

Nimewaandikia watu wa Marsabit, wafugaji wa nyanda za chini na wakulima wa mahindi na maharagwe wa mlimani Saku. Aliye Turkana, Wajir au Mandera atajikuta humu pia, maana kaunti hizi nne, Marsabit ikiwemo, ndizo zilizotangulia kwenye mpango huu. Garissa, Isiolo, Samburu na Tana River ziliongezwa baadaye.

Tenganisha pesa na pesa

Pale senta kila kinachotoka Nairobi huitwa "pesa ya serikali", na mtu hujikuta amemaliza siku kwenye foleni isiyomhusu. Pesa za wazee waliotimiza miaka 70, za kaya zinazolea yatima na za watu wenye ulemavu mkubwa ni za Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi, mvua inyeshe isinyeshe. Chakula cha msaada kina orodha yake kwa chifu. Bima ya mifugo ni mkataba, nayo nitaifikia baadaye.

Tunayoizungumzia hapa ni HSNP, Hunger Safety Net Programme, iliyo chini ya mamlaka ya kitaifa ya ukame, NDMA. Ulianza mwaka 2009 kwa kulipa kaya shilingi 2,150 kila miezi miwili. Kiwango kikapanda pole pole hadi 2,700 kwa mwezi, yaani 5,400 kwa awamu moja ya miezi miwili.

Walioandikishwa wamegawanywa makundi mawili, na ukielewa hapa umeelewa nusu ya mambo. Kundi la kwanza ni kaya maskini zaidi. Hulipwa kila awamu, ukame uwepo usiwepo. Kundi la pili ni kaya zilizo kwenye rejista ambazo kwa kawaida hazipati kitu. Ukame ukizidi kiwango, ndipo baadhi ya hizi za pili hulipwa malipo ya dharura, 2,700 kwa mwezi uliohesabiwa. Aliye kundi la kwanza haongezewi. Hapo ndipo ugomvi mwingi wa kwenye baraza unapoanzia: mama analipwa 5,400 zake kama kawaida, jirani yake ambaye hajawahi kuonekana kwenye foleni anatokea na kadi, na maneno yanaanza kwamba kuna mtu amekula pesa za mama. Hakuna aliyekula. Ni makundi mawili.

Anayeamua yuko angani

Malipo ya dharura hayasubiri mkubwa fulani aje aone mizoga. Setilaiti hupima ukijani wa mimea, na ukijani huo hulinganishwa na ule wa majira hayo hayo katika miaka iliyopita. Kipimo chenyewe huitwa VCI, huenda toka 0, hali mbaya kuliko zote zilizowahi kurekodiwa hapo, hadi 100, hali nzuri kuliko zote. Huchukuliwa wastani wa miezi mitatu, kwa kila kaunti ndogo peke yake: Saku, Moyale, Laisamis, North Horr.

Kati ya 20 na 35 ni ukame wa wastani, na hapo kundi la pili halipati kitu. Kikishuka chini ya 20, ni ukame mkali, na malipo hupanuliwa mpaka yafikie kaya 25 katika kila 100 za kaunti ndogo hiyo, ukihesabu na wale wa kila mara. Kikishuka chini ya 10 hufika kaya 50 katika kila 100. Nani anaingia katika hizo? Orodha hufuatwa kuanzia walio maskini zaidi kwenda juu. Kwa hiyo kuwa kwenye rejista ni tiketi ya kusimama kwenye foleni, si ahadi ya kulipwa.

Kipimo hiki kina ubaya wake, nami sitauficha. North Horr ni kubwa kuliko kaunti nyingi nzima za Kenya. Mvua ikipiga upande mmoja, wastani unapanda, na aliye upande wa pili anabaki na vumbi lake. Halafu kuna mathenge. Mti ule hubaki kijani wakati kila kitu kimekufa, na macho ya setilaiti hayajui kwamba ng'ombe hashibi mathenge. Ukijua haya hutabadilisha kipimo, lakini utaacha kumlaumu chifu kwa jambo lisilo mkononi mwake.

Na usichanganye hili na matangazo ya redioni. Kaunti ikitangazwa kuwa katika "tahadhari" au "hatari", hiyo ni picha ya jumla inayochanganya bei za mifugo, umbali wa maji, maziwa na hali ya watoto. Pesa za kundi la pili hufuata namba ya kaunti ndogo yako. NDMA hutoa taarifa ya ukame ya kila mwezi kwa kila kaunti. Kijana yeyote mwenye simu anaweza kuifungua na kuwasomea wazee. Atafute jedwali la VCI, aangalie mstari wa kaunti ndogo yenu, basi.

Hatua ya kwanza: kitambulisho

Bila kitambulisho cha taifa hakuna akaunti, na bila akaunti hakuna malipo. Watu wa mpakani, hasa Moyale na North Horr, wanajua adha ya usaili uliokuwa ukiwafanya vijana wasubiri miaka. Februari 2025 Rais Ruto alitangaza kuuondoa usaili huo wa ziada kwa jamii za mpakani. Kama ulikata tamaa zamani, rudi ukajaribu tena, na uende wakati huu wenye maji na maziwa, si siku unayohama.

Angalia herufi. Karani mmoja huandika Wario, mwingine Waryo. Mmoja Guyo, mwingine Guio. Kwa Kiborana wote ni mtu yule yule. Kwa mashine ya benki ni watu wawili, na wa pili hana haki ya pesa za wa kwanza. Kitambulisho kikitoka, jina liende hivyo hivyo lilivyo kwenye kadi mpaka kwenye rejista mpaka benki, hata kama limekosewa. Kosa linalofanana kila mahali halikusumbui.

Hatua ya pili: rejista

Uandikishaji hufanywa kwa misimu, kijiji kwa kijiji, na hutangazwa kwenye baraza. Nyumba nyingi hazikuachwa kwa ubaya. Ziliachwa kwa sababu karani alipofika, watu walikuwa fora, yaani malisho ya mbali, na mifugo yao na mlango ulikuwa umefungwa kwa miiba. Basi mwachie maagizo mzee wa manyatta: majina ya watu wa nyumba yako, namba ya kitambulisho cha mmoja wao, na simu ya mtu anayeshika mtandao. Bora zaidi abaki mtu mzima mmoja.

Maswali ni ya kawaida: mko wangapi, nyumba imejengwa kwa nini, maji mnateka wapi, mifugo mingapi. Kaya huhesabiwa kwa chungu, yaani wale wanaokula pamoja. Mwenye wake wawili wanaopika kila mmoja kwake ahakikishe kila chungu kimeulizwa maswali yake.

Kuhusu mifugo, sema kweli. Najua ushauri unaozunguka, kwamba sema huna hata mbuzi. Lakini majina husomwa mbele ya watu, na wanaokusikiliza ni walewale mliokuwa nao kisimani jana, wanaozijua alama za ngamia wako kuliko unavyozijua wewe. Nimeona mzee mmoja akicheka mpaka akakaa chini jina la tajiri wa kijiji liliposomwa miongoni mwa wasio na kitu. Jina lilifutwa papo hapo.

Kujiandikisha ni bure. Anayekuomba mia mbili ya "kusukuma jina" anakusukumia wewe.

Hatua ya tatu: akaunti isilale

Hii ndiyo hatua inayowaangusha wa kundi la pili. Mtu alifunguliwa akaunti, akapewa kadi, akakaa miaka bila kulipwa. Kadi ikawa ya kufungia kopo la sukari. Ukame unakuja, namba inashuka chini ya 20, pesa zinatumwa, na kadi imevunjika, au akaunti imelala, au mwenye kadi alifariki na hakuna aliyepeleka habari.

Kwa hiyo kila mvua zinapoanza, Machi au Aprili na tena Oktoba, siku ukienda sokoni pitia kwa wakala wa benki umwombe aangalie kama kadi inasoma. Weka hata shilingi mia ikibidi, ili akaunti ionekane inatembea. Kadi ikipotea, toa taarifa wiki hiyo hiyo, maana kadi mpya haitoki kwa siku moja. Mwenye kadi akifariki, au akiwa mgonjwa hawezi tena kutoka, nenda kwa chifu na kitambulisho chake pamoja na kibali cha mazishi kama amefariki, upeleke pia jina la mtu mzima wa kaya ile ile atakayechukua nafasi yake. Usiendelee kutumia kadi ya marehemu kimya kimya. Kidole chake hakipo, na siku utakayohitaji pesa hizo ndiyo siku utakayoanza safari ya karatasi.

Hatua ya nne: siku ya malipo

Tangazo likitoka, usikimbie siku ya kwanza. Wakala wa senta ndogo ni mwenye duka tu, na pesa taslimu alizo nazo ni zile alizouza. Siku ya kwanza wanajaa watu mia, anaowaweza ni thelathini, wengine wanalala nje. Pesa hazirudi Nairobi kwa kuwa umechelewa siku tatu. Ziko kwenye akaunti yako. Afadhali upige simu kwanza umuulize, "Leo una keshi?"

Nilimsindikiza shangazi mwaka mmoja. Wakala alikuwa na kile kimashine chenye kioo kidogo chekundu cha kidole. Shangazi akaweka kidole gumba, mashine ikalia. Akaweka tena, ikalia. Mikono yake imekata kuni na kuvuta kamba ya kisima miaka hamsini; mistari ya vidole imelainika kama kiganja cha mwiko. Watu nyuma wakaanza kunung'unika. Wakala akamwambia arudi kesho. Bibi mmoja kwenye foleni, bila kusema neno, akamwaga maji ya uvuguvugu ya thermosi kwenye kitambaa, akamsugua shangazi vidole kimoja kimoja, akavikausha kwa leso yake, akampaka mafuta kidogo sana ya kupaka mwilini, akayafuta. Kidole cha kati cha mkono wa kushoto kikakubali.

Basi fanya hivyo kabla ya kufika mbele: osha kwa maji ya uvuguvugu, kausha vizuri, na kumbuka ni vidole vipi vilisajiliwa, maana si lazima kiwe kidole gumba. Hina iliyokolea nayo huisumbua mashine, kwa hiyo harusi ikiwa karibu, chukua pesa kwanza. Vidole vikikataa kabisa mara kwa mara, usiridhike na "rudi kesho" ya tatu. Hilo ni tatizo la kupeleka benki yenyewe ili vidole visajiliwe upya.

Huyo huyo wakala alimkata shangazi shilingi mia mbili, akasema ni za mtandao. Sikujua wakati ule, nikanyamaza. Sasa najua: kutoa pesa za mpango kwa wakala hakumgharimu mpokeaji, malipo ya wakala hutoka kwingine. Ziko mbinu nyingine pia. Anakwambia chukua sukari na unga nusu, keshi nusu, kwa bei aliyopanga yeye. Anakushikia kadi "isipotee", pamoja na namba ya siri. Anakukopesha unga miezi miwili kisha anatoa pesa zote mwenyewe. Deni la dukani ni deni, na mtu hulipa. Lakini pesa zije kwanza mkononi mwako, uzihesabu, ndipo ulipe.

Ukipigiwa simu na mtu anayejitambulisha kama ofisa anayetaka namba yako ya siri ili "afungue malipo ya dharura", kata simu. Malipo ya kweli hayafunguliwi hivyo.

Aliye na mifugo aangalie na bima

Pesa za HSNP ni za chungu, hazitoshi nyasi za ng'ombe. Anayetaka kuokoa mifugo aangalie bima ya faharasa, ambayo kwa Kenya ilianzia hapa hapa Marsabit, Januari 2010, kwa kazi ya taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI. Nayo hutazama ukijani wa malisho kutoka angani, haihesabu mizoga. Siku hizi hulenga kulipa mapema, ili ununue chakula na maji mnyama akiwa bado amesimama.

Hesabu yake hufanywa kwa ng'ombe: ng'ombe mmoja ni kipimo kimoja, mbuzi au kondoo kumi ni kipimo kimoja, ngamia mmoja ni kipimo kimoja na nne ya kumi. Mwaka 2015 serikali ilianza mpango wa kuwalipia wafugaji teule bima ya vipimo vitano, kila kipimo kikiwa na thamani ya shilingi 14,000 kwa mwaka, yaani 70,000 zote hali ikiwa mbaya kabisa. Mpango wa DRIVE uliofuata unamtaka mfugaji achangie sehemu, serikali ikimwongezea. Kwa Mwislamu anayehofia riba, iko bima ya takaful, inayofuata sharia ya Kiislamu.

Kosa la wengi ni kwenda kununua wakiona mawingu hayaji. Bima hii huuzwa kabla ya msimu: Januari na Februari kwa ajili ya mvua za masika, Agosti na Septemba kwa ajili ya vuli. Mvua ikishaanza kuchelewa, dirisha limefungwa.

Ukidhulumiwa

Anza karibu. Kamati ya walengwa ya kijiji kwanza, halafu chifu au naibu wake, halafu ofisi ya NDMA mjini Marsabit. Ikiwa ni hongo, Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi ina simu ya bure, 1551. Usipeleke lalamiko la "wanakula pesa zetu". Peleka tarehe, jina la senta, kiasi kilichotumwa, kiasi ulichopewa, na namba ya kitambulisho chako. Tulipopeleka la shangazi mara ya kwanza tulirudishwa, kwa sababu hatukuwa na hata karatasi moja.

Kwa hiyo dai risiti kila mara, hata wakala akinung'unika kwamba karatasi zimeisha, na uiweke pamoja na kadi kwenye mfuko wa plastiki. Maandishi ya risiti za mashine hufutika kwa joto, na manyatta zetu mnazijua. Siku hiyo hiyo mwombe mtoto anayesoma aandike nyuma yake kwa kalamu: tarehe, kiasi, duka gani.